Daftari la Wiki: Mashine Hutikisika, Nyumba Hulia

Chanzo cha kelele

Mashine nyingi za nyumbani hazina kelele kubwa zenyewe. Mota ya friji au ya pampu hutikisika kidogo tu, na mtikisiko huo ukiishia humo humo kwenye mota, aliye chumba cha pili hausikii. Kelele huanza pale mtikisiko unapopata kitu kikubwa cha kupitia: ukuta, sakafu, kabati au bomba la chuma. Ndivyo lilivyo gambusi: uzi peke yake hausikiki mbali, bali kasha na ngozi yake ndivyo huujaza ukumbi sauti. Kwa hiyo anayetaka utulivu hana haja ya kukimbilia dukani. Aanze kwa kuchunguza mashine yake inagusa nini.

Friji

Umeme wa gridi Afrika Mashariki ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko sumaku huvuta mara mbili. Ndiyo maana transfoma, choki ya taa ya tyubu na mota nyingi huvuma kwa sauti nzito inayofanana, ya mitetemo 100 kwa sekunde. Mvumo huo wa friji ni wa kawaida. Usio wa kawaida ni ule unaogeuka kuwa mtetemo wa bati.

Kipimo cha kwanza ni kiganja. Friji inapovuma, bonyeza ubavu wake kwa mkono. Sauti ikibadilika au ikikata, tatizo ni mguso na hakuna haja ya kumwita fundi. Sogeza friji mbele ili nyaya za nyuma zisiguse ukuta. Angalia kama vibomba vya shaba karibu na kompresa vinagusana, na kama trei ya maji iliyo juu ya kompresa imekaa sawasawa. Ondoa masufuria na trei za chai zilizopangwa juu ya friji, kisha tenganisha chupa zinazogongana ndani. Mwisho weka pima maji juu yake na uzungushe miguu ya mbele mpaka friji itulie bila kuyumba. Vumbi la nyuma nalo lipanguswe, maana friji iliyosongwa na vumbi hufanya kazi muda mrefu zaidi, na kelele yake hurefuka vivyo hivyo.

Zipo sauti za friji zisizo na dawa kwa kuwa si ugonjwa: gesi inayobubujika kwenye mabomba, plastiki inayoalika inapopata joto au baridi, na swichi inayodata kompresa inapowaka au kuzima. Kwa friji zisizoganda barafu, mkwaruzo unaokoma mara mlango ukifunguliwa mara nyingi hutoka kwenye feni ya ndani inayogonga barafu. Friji ya namna hiyo izimwe, milango iachwe wazi hadi barafu yote iyeyuke. Barafu ikirudi upesi, hapo ndipo fundi anahitajika.

Pangaboi

Pangaboi linalogonga kila mzunguko huwa na moja ya kasoro tatu: skrubu zilizolegea, kikombe cha juu kinachogusa dari, au mabapa yasiyolingana. Kabla ya kupanda juu ya stuli, zima umeme kwenye swichi kuu. Kaza skrubu zote za mabapa, kisha shusha kikombe kidogo kiachane na dari. Baada ya hapo chukua rula, pima umbali kutoka darini hadi ncha ya bapa moja, lizungushe pangaboi kwa mkono na upime bapa linalofuata mahali pale pale. Lililo chini kuliko wenzake huenda limepinda.

Umbali ukilingana na yumbo likaendelea, tatizo ni uzito. Bandika sarafu moja kwa gundi ya karatasi juu ya bapa, katikati ya urefu wake, kisha washa. Yumbo likizidi, ihamishie bapa jingine. Likipungua, isogeze ndani au nje hadi pangaboi litulie, kisha uibane kwa gundi imara isije ikamwangukia mtu.

Pangaboi linalovuma kwa mwendo wa chini na kunyamaza kwa mwendo wa juu halina kasoro yoyote. Chanzo cha mvumo ni regyuleta ya kielektroniki, ambayo hupunguza kasi kwa kukatakata umeme. Regyuleta ya hatua inayotumia kapasita huondoa mvumo huo.

Mashine ya kufulia

Mashine mpya inayoruka na kutembea bafuni siku ya kwanza mara nyingi bado ina bolti za usafiri. Bolti hizo huwekwa nyuma kiwandani ili kulibana pipa lisigonge njiani, na ni lazima zifunguliwe kabla ya mashine kuwashwa. Kuifulia nguo nazo zikiwamo huiharibu.

Kwa mashine ya siku nyingi, kosa la kawaida ni mzigo. Blanketi moja likifuliwa peke yake hujikunja upande mmoja, na wakati wa kukamua pipa zima huyumba. Kinyume na wengi wanavyodhani, kuongeza mataulo mawili hutuliza mashine. Mkwaruzo wa chuma wakati wa kutoa maji kwa kawaida ni sarafu, pini au waya wa sidiria ulionaswa kwenye kichujio cha pampu. Lakini ngurumo inayopanda kadiri kasi inavyopanda ni dalili ya beringi zilizochakaa. Zungusha pipa tupu kwa mkono: likikwaruza, beringi zibadilishwe kabla hazijaharibu pipa lenyewe.

Pampu na jenereta

Pampu ya maji iliyofungwa moja kwa moja kwenye zege, na bomba lake la chuma likaingia ukutani, huipigia kelele nyumba nzima. Kipande cha mpira mzito chini ya pampu na kipande kifupi cha mpaipu unaopinda kati yake na bomba hukata njia hiyo. Pampu inayowaka na kuzima kila mara mtu anaponawa mikono inaashiria kwamba tangi lake la presha limeishiwa hewa. Inayotoa sauti ya kokoto ilhali maji ni safi inavuta hewa au inakosa maji ya kutosha. Ikiachwa hivyo, huungua.

Jenereta ni habari nyingine, kwa sababu kelele yake husafiri hewani zaidi. Jenereta ndogo za petroli huzunguka takriban mara 3,000 kwa dakika ili kutoa hezi 50, na kwa kasi hiyo hakuna mpira utakaozinyamazisha. Kinachosaidia ni umbali. Sauti hupimwa kwa desibeli, na mahali pa wazi kila umbali unapozidishwa mara mbili hupungua kwa desibeli 6 hivi. Zikipungua 10, sikio huhisi kelele imeshuka takriban nusu. Asiwepo wa kuificha jenereta ndani au kwenye baraza lililozibwa ili jirani asisikie, maana moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini.

Milio ya makusudi

Tanuri la maikrowevu, UPS (kifaa cha umeme wa akiba), kifaa cha kutambua moshi na mita ya umeme ya LUKU hulia kwa sababu vimeundwa vilie. Milio yao kwa kawaida huangukia kati ya hezi 2,000 na 4,000, eneo ambalo sikio la binadamu husikia vizuri zaidi, na ndiyo maana mlio mdogo hukera kuliko mvumo mkubwa. Kwa wazee usikivu hupungua kwanza kwenye sauti nyembamba, hivyo si ajabu mjukuu kulalamikia mlio ambao babu yake hausikii kabisa.

Maikrowevu nyingi zina njia ya kuzima mlio kwenye vitufe vyake, na kitabu cha maelekezo huitaja. Isipokuwepo, utepe wa gundi juu ya tundu la sauti hupunguza makali, ila mtu asithubutu kuifungua, kwani ndani mna kapasita inayoweza kuua hata waya ukiwa umechomolewa. UPS inayolia wakati umeme upo mara nyingi inadai betri mpya. Kifaa cha moshi kinachotoa mlio mmoja mfupi kila baada ya muda, jambo linalofahamika sana kwa wanaoishi Ulaya na Marekani, nacho kinadai betri. Mita nayo inadai uniti, na dawa yake ni tokeni ya tarakimu 20.

Sauti zisizozoeleka

Zipo sauti ambazo mtu hapaswi kuzizoea hata kidogo. Soketi inayotatarika ina muunganisho uliolegea, nao huzaa cheche na moto. Izimwe kwenye swichi kuu na aitwe fundi umeme. Sauti ya “sss” kwenye mtungi au mpira wa gesi jiko likiwa limezimwa ni uvujaji: funga valvu, fungua madirisha, na usiguse swichi yoyote.

Jirani na sheria

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, na Tanzania ina zake za mwaka 2015, chini ya taasisi yake ya mazingira. Kwa makazi, kanuni za Kenya huweka kikomo cha usiku kuwa desibeli 35, kiwango ambacho jenereta ya jirani hukivuka kwa mbali. Hata hivyo, ugomvi mwingi wa pampu na viyoyozi huisha kwa salamu, mazungumzo na vipande vinne vya mpira, kabla ya barua yoyote kuandikwa.

Wakati wa kununua

Tangu Machi 2021, lebo za nishati za Umoja wa Ulaya kwenye friji na mashine za kufulia huonyesha desibeli pamoja na daraja la kelele kutoka A hadi D. Anayenunua bidhaa yenye lebo hiyo, mpya au ya mtumba, asome namba hiyo kabla ya kuulizia rangi. Kwa friji na viyoyozi, kompresa ya inveta hubadili kasi badala ya kuwaka na kuzima kwa kishindo, hivyo kwa kawaida huwa tulivu zaidi. Lakini hata mashine bora ikiegemezwa ukutani italia. Mnunuzi amwambie fundi aache nafasi nyuma yake na aisawazishe kwa pima maji, na asimlipe kabla hajaiwasha na kuisikiliza.