Chapati Tumeichukua, Mwenyewe Je?

Wasee, kwanza nimefuta ile video. Nyinyi mlioitafuta tangu Jumapili, haiko tena. Hakuna aliyenilazimisha, na ilikuwa inaniletea doo kuliko kitu kingine chochote nimewahi kurekodi tangu niache chuo.

Kwa wale hawakuiona: nimesimama kwa reli hapa Rongai (Rongai ya Nakuru, hii ya mahindi na katani, si ile ya matatu za kelele), nimevaa shati ya babangu, naigiza Muhindi mwenye duka. Lafudhi mnaijua. "Veve kijana, leta hapa!" Mkacheka, mkasambaza.

Halafu kijana mmoja wa Nakuru, rika langu, akaniandikia inboksi. Hakunitukana. Aliandika tu: "Umesimama kwa reli ya babu zangu ukiwacheka babu zangu." Nilikasirika. Nikaanza kusoma ndio nipate jibu la kumnyamazisha.

Na nikalipata! Reli ile ya kwanza, iliyojengwa 1896 hadi 1901 kutoka Mombasa mpaka Kisumu, haikupita hapa kwetu. Ikitoka Nakuru ilielekea Njoro na Molo. Hii ya Rongai kwenda Eldoret ililazwa baadaye, miaka ya 1920. Nimemshika, nikasema.

Furaha ilidumu dakika tano hivi. Nilipoendelea kusoma nikakuta hesabu. Waliletwa vibarua kama 32,000 kutoka India, wengi Wapunjabi, kwa mkataba. Karibu 2,500 walikufa, yaani zaidi ya watu wawili kwa kila kilomita ya ile reli. Simba wa Tsavo wametengenezewa sinema, lakini waliokufa kwa malaria na ajali, ambao ni wengi zaidi, nani anawajua? Kazi ilipoisha wengi wakarudi kwao. Waliobaki ni kama 6,700 tu.

Kwa hivyo ile hadithi kwamba kila Muhindi wa Kenya ni mjukuu wa mjenzi wa reli si kweli. Wengi walikuja baadaye kutafuta maisha, kama vile binamu zetu wanaenda Qatar. Wengine walikuwa pwani wakifanya biashara karne nyingi kabla ya Mwingereza kuleta chuma chake. Neno pesa, hilo la M-Pesa, limetoka kwao. Gari pia. Laki pia, na bima.

Sasa swali ambalo lilikuwa utani wa video yangu: mbona kila Muhindi ni duka? Nilidhani ni tabia. Kumbe ni sheria. Ardhi ya huku kwetu, hii yote unaiona ukishuka kutoka Menengai, ilikuwa ya Wazungu peke yao. Wahindi walipigania haki ya kumiliki shamba huku, na mwaka 1923 serikali ya London ikatoa waraka ukawafungia mlango: nyanda za juu ni za Wazungu. Mwafrika alikuwa ashanyang'anywa, yeye akabaki kuwa kibarua kwa shamba lililokuwa lake. Muhindi akasukumwa mjini. Ukimnyima mtu shamba, atafungua nini? Duka. Halafu miaka mia moja baadaye mimi nakuja kumcheka kwa sababu ana duka.

Msiniambie nimenunuliwa. Mathangu alifanya kazi kwa duka moja la Muhindi mjini miaka sita. Alikula chakula cha mchana akiwa amekaa juu ya gunia huko nyuma, na hakuwahi kupewa karatasi yoyote ya kazi. Hiyo sisahau na sitaki mtu aniambie nisahau. Lakini nilipomuonyesha video, alicheka kidogo, kisha akasema, "Hiyo sauti si yake. Yule mzee alikuwa anaongea Kikuyu kukushinda." Manze, hiyo iliniuma. Ningeweza kutengeneza video kuhusu mdosi aliyemnyima mamangu mkataba. Badala yake nikatengeneza video kuhusu lafudhi.

Nikasoma pia kuhusu Wajerumani wa Marekani, maana nilitaka kujua wageni wengine huwa wanaishia wapi. Walihamia huko kwa mamilioni. Walikuwa na magazeti yao, shule zao, makanisa yao kwa Kijerumani, na mti wa Krismasi ulienea Marekani kupitia kwao. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika kule mwaka 1917, wakageuzwa adui usiku mmoja. Mwaka 1918 gavana wa Iowa alipiga marufuku lugha za kigeni hadharani, hadi kanisani na kwenye simu. Kabichi yao ya kuchachushwa ikapewa jina jipya, "kabichi ya uhuru", ndio watu waendelee kuila bila aibu. Na wao wakafanya nini? Schmidt akawa Smith. Mtoto akafundishwa Kiingereza tu. Wakayeyuka.

Muhindi wa Kenya hangeweza kuyeyuka. Hata abadilishe jina, ngozi inamtangulia mlangoni. Makhan Singh alikuja hapa akiwa kijana mwaka 1927, akaunda vyama vya wafanyakazi, na Aprili 1950 pale Kaloleni, Nairobi, akadai uhuru hadharani. Mwezi uliofuata akakamatwa. Alitoka 1961, miaka zaidi ya kumi na moja. Alifungwa kabla ya Kenyatta na akatoka baada ya Kenyatta. Mimi nilifanya historia hadi kidato cha nne na sikumbuki kuulizwa swali hata moja juu yake.

Tulipopata uhuru wetu, waliambiwa wachague uraia ndani ya miaka miwili. Wengi walisita, wakashika pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 zikaja sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara, na mapema 1968 ndege za London zikajaa familia zikikimbilia kufika kabla Uingereza nayo haijafunga mlango. Ikafunga Machi. Fikiria uko uwanja wa ndege na nchi mbili zote hazikutaki.

Julai 2017 serikali ikatangaza kuwa wao ni kabila la 44. Wengine wao walifurahi. Mimi naona ni ajabu kumkaribisha mtu nyumbani ambako babu yake alizaliwa. Na wiki kadhaa kabla ya uchaguzi, bahati nzuri sana hiyo.

Lakini chapati hatukuingoja itangazwe. Hapa Rongai Krismasi bila chapo ni Jumatatu tu. Kachumbari, bajia, chai ya maziwa yenye masala, hakuna anayeuliza pasipoti.

Nilimwandikia yule kijana nikamwambia nimeifuta, na pia kwamba reli ya hapa si ile. Sikuweza kujizuia. Amejibu jana. Anasema ya reli anajua, babu yake alikuwa fundi wa mawe kwenye hii ya pili. Na nyanya yake ameiona video kabla sijaifuta. Kuhusu lafudhi hakusema neno. Alisema tu chapati niliyokuwa nimeshika ilikuwa nene kama kandambili.