Somo la Hewani Huishia Mlangoni

Miraa inayotafunwa barazani kwetu, Mombasa hata Lamu, haioti pwani. Hutoka Meru, katika vilima vya Igembe, pande za Maua na Laare, ikasafirishwa mbio ili ifike ingali mbichi. Bei yake twaijua, na aina zake twazitaja kwa majina. Lakini ni nani miongoni mwetu aliyepata kuuliza habari za mtoto wa mchumaji wa miraa hiyo? Leo nataka tumwendee mtoto huyo, yeye na mwenzake wa Embu, kwa kuwa yaliyowapata mwaka 2020 yana funzo ambalo serikali, na sisi wazazi, bado hatujalishika.

Tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule zote kwa ajili ya maradhi ya korona. Wakubwa wa elimu wakatwambia kwamba masomo hayatasimama; yatawafuata watoto majumbani kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Taasisi ya mitaala, KICD, ilitayarisha vipindi, na vikasomwa hewani. Haukupita muda mrefu, mwezi wa Julai, Waziri George Magoha akatangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea. Madarasa matatu yalirudi shule tarehe 12 Oktoba, na waliobaki wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021.

Yale masomo ya hewani yaliishia wapi basi? Wengi hujibu kwa neno moja: vyombo. Na kweli, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba katika kila nyumba 100 za Kenya, zenye redio zilikuwa kama 57, zenye televisheni kama 41, na zenye intaneti kama 18 tu. Hesabu hiyo pekee yatosha kumnyamazisha aliyedhani kwamba kila mtoto atasoma kwa kubonyeza kidude. Hata hivyo, mimi sikubali kwamba chombo ndicho kisa chote. Hata palipokuwa na redio, somo lilikuwa na mlango wa kubisha, na ndani ya mlango huo mlikuwa na mambo yake.

Tutazame Embu ya juu, pande za Manyatta na Runyenjes, penye chai na kahawa. Hapo nyumba nyingi zina redio. Lakini kipindi hakimngoji mtu. Kikisomwa asubuhi, mama yuko shambani achuma chai, na mtoto mkubwa ameachiwa mdogo amlee. Simu ya nyumba ni moja, nayo imetoka na baba mfukoni. Shule zilifungwa mvua za masika zikikaribia, mahindi na maharagwe yakitaka mikono. Na mikono ya mtoto aliye nyumbani haihesabiwi kuwa iko darasani.

Teremka Mbeere, pande za Kiritiri, ambako ardhi ni kavu. Kazi ya mtoto huko ni maji na mbuzi. Nao Mto Tana, unaopita hapo, ndio wenye mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambayo umeme wake huwasha taa za miji. Lakini zipo nyumba zilizo karibu na nyaya hizo ambazo jua likitua huwasha koroboi. Mtoto wa nyumba hiyo, amalizapo kazi za mchana, asome kwa nuru gani?

Ama Igembe, msiba ulikuja na mwingine. Mwezi huo huo wa Machi 2020, Somalia ilifunga mlango wa miraa ya Kenya, na haikuufungua tena hadi Julai 2022. Soko kubwa likaanguka kwa siku moja. Pesa zikipungua, intaneti hukatwa kabla ya unga. Na kijana anayeweza kupata shilingi leo kwa kuchuma, ni shida kumwambia akae na redio kwa faida ya miaka kumi ijayo. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mimi nilisomea chuoni, juu ya mkeka, na mwalimu wetu hakuwa na chombo chochote ila kifimbo na ubao. Lakini alikuwa akinitazama midomo. Nikikosea herufi, alinirudisha papo hapo. Na nikirudi nyumbani, mama alinisikiliza baada ya Isha. Hata vipindi vya shule vya Sauti ya Kenya vya zamani vilisikizwa darasani, mwalimu akiwa kando kueleza. Redio ilikuwa msaidizi wa mwalimu. Mwaka 2020 tuliitaka iwe mwalimu mwenyewe.

Wala tusiwacheke watu wa bara. Aprili ile Mombasa, Kilifi na Kwale tulizuiwa kutoka wala kuingia, na Mei Mji wa Kale ukafungwa. Misikiti na vyuo vilikuwa vimefungwa, na Ramadhani ikatukuta majumbani. Ni wangapi kati yetu, wenye umeme na simu nzuri, waliokaa na mtoto wakamsikiliza hata sura moja au hesabu moja?

Jambo hili litarudi. Mwaka 2024 mafuriko yalichelewesha kufunguliwa kwa shule hadi tarehe 13 Mei. Likija tena, serikali isianze kwa kuhesabu mitambo. Iulize kwanza: katika nyumba hii, ni saa ngapi mtoto yuko huru, na ni nani atakayemsikiliza? Mwalimu wa kijijini ajue watoto wake wanaishi wapi, na karatasi za masomo ziwafikie wasio na redio. Na sisi wazazi tumpe mtoto saa yake moja kwa siku, isiyo ya maji, wala ya mbuzi, wala ya kutumwa dukani. Asiyejua kusoma pia anaweza kumwambia mwanawe: haya, nisomee nikusikie.