Kiondo Si Kaburi

Wacheni kutuambia tusuke na tuimbe ndio tupone. Kina mama wa Gikomba hufumua sweta za mitumba na kusukia viondo nyuzi zake. Uzi ukikatika, wanatafuta ncha. Marehemu tunamkeshea matanga, tunamwimbia, tunamzika. Na wale waliobebwa na watu waliofunika nyuso baada ya maandamano ya Juni 2024, ambao hadi leo hawajaonekana? Sheria husubiri miaka 7 ndipo imhesabu aliyepotea kuwa amekufa. Mkataba wa kimataifa dhidi ya kutowesha watu, Kenya iliutia saini 2007, ikaishia hapo. Suka jina la msee wako, imba usiku kucha, kisha peleka kiondo na wimbo hadi mlangoni pa kituo cha polisi. Uliza: mmempeleka wapi?