Mulopwe Hakutoka Misri

Kila zinapotajwa asili za vyeo vya kifalme barani Afrika, watu hukimbilia mto Nile. Misri ina haki yake: miaka ipatayo 5,000 iliyopita, jina la mfalme lilikuwa likichorwa ndani ya mfano wa ukuta wa ikulu, mwewe wa Horus ametua juu yake. Baadaye farao mmoja alibeba majina matano.

Lakini msomaji wa Kamina hana haja ya kwenda mbali hivyo. Ziwa Kisale liko mkoani humuhumu Haut-Lomami, na makaburi yake yalianza kuchimbwa Sanga mwaka 1957 na Jean Hiernaux. Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo miaka ya 1970. Katika makaburi ya bonde la Upemba, lililomo ziwa hilo, yalipatikana mashoka ya heshima, mipini yake imepigiliwa misumari ya chuma, na fuawe iliyolazwa karibu na fuvu la marehemu. Baadhi ya vitu hivyo vina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Shoka la namna hiyo ndilo wakuu wa Waluba walilolishika karne nyingi baadaye, na katika kumtawaza mulopwe, yaani mfalme wao, mhunzi na fuawe yake havikusahaulika.

Masimulizi ya Waluba nayo yanamleta Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, baba wa Kalala Ilunga aliyempindua mfalme Nkongolo. Wapo walioisikia hiyo “mashariki” wakaivuta hadi Misri. Ni kuvuta kwa nguvu mno.

Tofauti kubwa na Misri iko kwenye kifo. Mulopwe akifa, roho yake ilimpanda mwanamke aitwaye mwadi, naye alibaki na cheo na makao ya marehemu, yaliyoitwa kitenta. Mrithi alijenga mji wake mwingine. Historia yenyewe ilitunzwa na bambudye, chama cha watunza kumbukumbu, wakisoma kwa vidole shanga za ubao uitwao lukasa.

Wabelgiji waliigawa himaya ya Waluba kati ya Kabongo na Kasongo Nyembo. Kisha mwaka 1961, Bakwanga, Albert Kalonji akajitwalia cheo cha mulopwe wa Kasai ya Kusini. Dola lake likavunjwa mwaka uliofuata.

Orodha za wafalme zimeshachapishwa vya kutosha, na karibu zote ni za wanaume. Toleo hili linaanza na mwadi.