Baada ya Mstari wa 18

Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mstari wa 18, kina agizo fupi kuhusu mwanamke mchawi: asiachwe hai. Hapa kwetu Simiyu mstari huu hauhitaji hata kuhubiriwa ili ufanye kazi. Bibi kizee anapotajwa kijijini kwamba ndiye "aliyemla" mtoto wa jirani, muumini aliyetaka kumtetea huukumbuka, akasita. Mzee wa kanisa naye husita. Mchungaji husema jambo ni zito, tuliombee. Siku chache baadaye watu wako makaburini.

Ndiyo sababu toleo hili zima tumelitoa kwa swali la namna ya kuifasiri Biblia kwa uaminifu na kuishi kama inavyosema. Wapo watakaodhani ni mjadala wa vyuo vya theolojia. Katika mkoa huu ni mjadala wa nani atalala salama usiku wa leo.

Anayefasiri Maandiko bila kuyajua maisha ya wasikilizaji wake anapapasa gizani, kwa hiyo tuseme wazi mauaji haya yanavyokwenda. Mtoto anaugua homa, anafariki. Au ng'ombe wanakufa mmoja baada ya mwingine. Ndugu wanakwenda kwa mganga, naye anapiga ramli, ile ambayo polisi na viongozi wa serikali wameizoea kuiita ramli chonganishi. Mara nyingi hataji jina. Anaeleza tu: ni mwanamke, ni mzee, yuko jirani, macho yake mekundu. Na ni bibi gani kijijini asiye na macho mekundu? Ameinamia mafiga maisha yake yote katika jiko lisilo na dirisha, akichochea mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, maana kuni zimeadimika. Moshi umempa macho hayo akiwapikia watoto walewale ambao leo wanamwogopa. Chunguza zaidi na mara nyingi utakuta shamba: mjane anakaa kwenye ekari ambazo ndugu wa marehemu mumewe wanazitaka. Kisha wanakuja usiku watu wenye mapanga, wengine wa kukodiwa.

Mambo haya yameitesa Usukuma nzima kwa miongo mingi. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928, na mauaji ni mauaji mbele ya mahakama yoyote ya nchi hii, lakini polisi huitwa asubuhi, mtu ameshakufa. Kanisa liko kijijini usiku na mchana.

Sasa turudi kwenye sura yenyewe, na safari hii tusiishie mstari wa 18. Nimewahi kuketi na kikundi cha kujifunza Biblia karibu na Dutwa, mwinjilisti akisoma sura hii kwa sauti. Alipofika mstari huo alifunga kitabu aanze kufundisha. Bibi mmoja aliyekaa mkekani, asiyejua kusoma, akamwambia, "Endelea, mwanangu, sura haijaisha." Akaendelea. Mistari minne tu mbele, Mungu anakataza kumtesa mjane yeyote au mtoto yatima. Anasema wakimlilia atasikia, na hasira yake itawaka, naye atawaua watesi kwa upanga, wake zao wabaki wajane na watoto wao yatima. Bibi akamwambia, "Rudia hapo. Ni nani anayeuawa hapo?" Mwinjilisti akajibu, "Ni aliyemwonea mjane, mama." Somo la siku ile lilikuwa limekwisha kutolewa, na aliyelitoa hakuwa na Biblia mkononi.

Endelea tena. Sura ya 23 inafungua kwa kukataza kueneza habari za uongo, na mara moja inakataza kuufuata mkutano wa watu kutenda uovu. Mstari wa 7 unaonya kumwua asiye na hatia. Mstari wa 8 unakataza rushwa. Yote haya ni sheria moja, kutoka kwa Mungu mmoja, kwa taifa lilelile. Kumbukumbu la Torati sura ya 17 na ya 19 zinaongeza kwamba hakuna wa kuuawa kwa neno la shahidi mmoja. Wahitajika wawili au watatu, waamuzi wachunguze kwa bidii, na shahidi wa uongo apewe adhabu ileile aliyotaka mwenzake aipate. Na sura ya 18 ya kitabu hicho, pale inapomtaja mchawi kuwa chukizo, inamtaja mpiga ramli pamoja naye katika orodha hiyohiyo. Anayekwenda kupiga ramli ili apate jina la mchawi ameshaivunja Torati kabla hajalipata jina hilo. Basi kwa nini tumekuwa wakali sana kwa mmoja na wapole kwa mwingine, tunayekutana naye mnadani na kumwamkia kwa heshima?

Najua pingamizi linalokuja, na linatoka kwa watu wanaolipenda Neno. Watasema tunaulegeza ukali wa Biblia, tunawafundisha watu kwamba uchawi si dhambi. Hapana. Biblia inauhukumu uchawi kuanzia Torati hadi Ufunuo, na jarida hili halitafuti njia ya kuukwepa ukweli huo. Linalotakiwa ni kufuata Biblia hadi mahali inapotufikisha. Agizo la Kutoka lilipewa taifa lenye waamuzi na mahakama. Kanisa halikupewa upanga. Tazama Mitume walivyofanya walipokutana na jambo lenyewe. Matendo 8, Simoni aliyekuwa akiushangaza mji wa Samaria kwa uchawi anataka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha. Petro anamkemea vikali, kisha anamwambia atubu na kumwomba Bwana. Matendo 19, Efeso, watu waliokuwa wakitumia mambo ya uganga wanaleta vitabu vyao na kuvichoma hadharani, vitabu vya thamani ya vipande 50,000 vya fedha. Kila mmoja alileta chake. Hakuna aliyeleta jina la jirani, na hakuna mwili uliochomwa. Mkristo wa Bariadi anayetaka kuupiga vita uchawi kwa namna ya Agano Jipya aanzie hapo: hirizi iliyo kiunoni mwa mtoto wake, dawa aliyoifukia kwenye kona za zizi lake.

Kuna jambo jingine ambalo Kutoka 23:1 inalidai kwetu. Wilayani Bariadi kuna kijiji kiitwacho Gamboshi, na Watanzania wengi wamelisikia jina hilo kabla ya kulisikia la Bariadi yenyewe. Husimuliwa kwamba ndiko makao makuu ya wachawi, kwamba usiku hung'aa taa kama jiji la Ulaya. Watu wa Gamboshi wanalima, wanachunga mifugo, wanapeleka watoto shule, na wanabeba sifa ambayo hawakuiomba. Nasi Wakristo tumeisambaza. Tumeisimulia kwa kicheko safarini, na wahubiri wengine wameifanya ushuhuda jukwaani ili mkutano uchangamke. Habari ambayo hakuna aliyeithibitisha, inayowachafua watu wa kijiji kizima, inaitwaje na Torati? Sioni jina jingine zaidi ya lile la mstari wa kwanza wa sura ya 23.

Wala maradhi haya ya kuchomoa mstari si ya Usukuma peke yake. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa walipokanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, Kenya, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wengi wao wakiwa watu walioamini kwamba kufunga hadi kufa kutawafikisha kwa Yesu. Kila mahali mafundisho yalianzia kwenye andiko halisi.

Nimekaa sana kwenye uchawi kwa sababu ndipo damu inapomwagika, lakini kuna sura nyingine inayokatwa vipande katika mkoa huu kila mwaka, nayo ni Malaki 3. Pamba ikishafika kwenye mizani ya AMCOS na wakulima wakashika fedha, utasikia mstari wa 10 kila Jumapili: leteni zaka kamili ghalani. Ni agizo la kweli na sina ugomvi nalo. Lakini mistari mitano kabla yake Mungu anasema anakuja kuhukumu, na katika orodha yake wamo wachawi, wazinzi na waapao kwa uongo, na mumo humo wamo wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, wanaomwonea mjane na yatima, na wanaompotosha mgeni haki yake. Mkulima aliyewaita vibarua wamchumie pamba kisha akawapiga chenga kwenye malipo, akachukua fedha hiyo akatoa zaka, amelitii Neno au amelikwepa? Karani anayechezea mizani, na mkulima anayetia maji na mchanga kwenye pamba ili iongezeke uzito, wote wawili wanasomewa mstari wa 10 wakiitika amina, na hakuna anayewasomea Mambo ya Walawi 19:35 na 36 juu ya mizani ya haki. Na ghala lenyewe? Kumbukumbu la Torati 14 inaeleza kwamba zaka ya mwaka wa tatu iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe. Ningependa kulisikia hilo likitangazwa siku ya mavuno, pamoja na hesabu ya wajane walioshiba.

Hatuna kisingizio cha kukosa kitabu. Nassa, iliyo sasa katika wilaya ya Busega, ilikuwa kituo cha wamisionari wa CMS tangu karne ya 19, na mwaka 1909 wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission, ambako ndiko lilikotoka kanisa la AICT. Agano Jipya la Kisukuma lilichapishwa 1925, Biblia nzima 1960. Ya Kiswahili ya Union Version tunayo tangu 1952. Tulichokosa ni muda wa kuisoma mfululizo na ruhusa ya kuuliza. Ibada nyingi zina mstari mmoja na saa mbili za maelezo juu yake, na msikilizaji mzee asiyejua kusoma hana njia ya kujua kwamba sura ilikuwa inaendelea. Katika Nehemia 8 ilikuwa tofauti: Ezra alisoma tangu mapambazuko hata adhuhuri, Walawi wakawaeleza watu maana yake mpaka wakaelewa. Walipoelewa walikula, wakawapelekea sehemu wale waliokuwa hawana kitu. Walielewa asubuhi, na kabla jua halijazama sahani zilikuwa zinakwenda kwa maskini.

Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, Wasabato wana lesoni yao, makanisa mengine yana ibada za nyumba kwa nyumba. Mahali pa kufanyia kazi hii papo tayari. Katika kurasa za katikati tumeandaa mafunzo ya Kutoka 22 na 23, yenye maswali ya kujadili, na ombi letu kwa kila kiongozi ni kwamba sura zisomwe nzima, kwa Kisukuma pale inapofaa, wajane wakiwa wameketi mbele na wakiwa na haki ya kumkatisha msomaji.

Kisha itakuja siku ya kutenda. Jina huanza kunong'onwa kisimani na mnadani mapema, kabla ya panga kunolewa. Siku hiyohiyo, mchana, wazee wa kanisa waende kwa bibi huyo, waonekane na kila mtu wakiingia. Wakae, na akiwapikia ugali waule, kwa maana kijiji kizima kitakuwa kimeacha kula kwake. Mchungaji amwarifu mtendaji wa kijiji na polisi kwa maandishi. Vijana wa kwaya walale uani pake kwa zamu. Na jioni waende kule msibani, kwa wale waliofiwa na mtoto, wasiende kuwakaripia. Wana uchungu na wanataka kujua kwa nini, na mganga ameshawapa jibu. Ayubu alifiwa watoto kumi kwa siku moja, akalia, akauliza, akabishana na Mungu mwenyewe, wala hakumtafuta jirani wa kumbebesha kifo chao. Kitabu chake kina sura 42. Zinaweza kusomwa pale msibani, kidogo kidogo kila jioni, na anayezisoma asiondoke mpaka matanga yaishe.