Habari za Kazi Zisiwe Siri ya Wachache



Katika soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, bei hutajwa kwa sauti mnadani na kila aliyepo huisikia. Bei ya jasho la binadamu hunong'onwa. Nani anaajiri, anataka ujuzi gani, analipa kiasi gani, kwa mkataba wa muda gani: mambo haya huyajua wachache, nao huyauza kwa kitu kidogo au huwapa jamaa zao. Twasema wazi kwamba hiyo ni dhuluma, hata kama tumeizoea kiasi cha kuiita bahati.

Historia ya mkoa wetu yatufundisha. Mkonge uliletwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893. Mashamba yalipoenea yalihitaji watu wengi, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha wafanyakazi, SILABU. Watu walikusanywa kutoka mbali, hata Uha na Ubena, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Wenye mashamba waliunganisha habari zao: idadi ya watu waliotakiwa na ujira waliokuwa tayari kuutoa. Manamba alitegemea uvumi na maneno ya mwandikishaji. Asiye na habari hana nguvu ya kupatana.

Je, sisi tumeachana na hali hiyo? Jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, liliwekwa Chongoleani mwezi Agosti 2017. Ujenzi wa namna hiyo huhitaji wachomeleaji, madereva, wapishi na vibarua, lakini kila kazi ina majira yake. Kijana anayepata habari baada ya nafasi kujazwa, au anayelipiwa karo kwa ufundi usiotafutwa, amedhulumiwa kimyakimya.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi yake, tarehe ya kuanza, mahali, saa za kazi na ujira. Asiyeyaelewa hana budi kuelezwa kwa namna atakayoielewa. Tena, haki za wafanyakazi zapaswa kubandikwa mahali pa wazi kazini. Ni wangapi kati yetu wanayajua haya? Sheria isiyojulikana ni jembe lililofungiwa ghalani.

Wapo watakaosema kwamba habari hazizai ajira. Ni kweli, tangazo halifufui kiwanda kilichokufa. Lakini vibarua kumi wanaojua ujira halali hawadanganywi kirahisi kama mmoja asiyejua. Wengine watasema kazi hupatikana kwa kujuana. Basi tujuane sote!

Wala tusiseme kwamba jambo hili ni la Serikali na waajiri tu. Katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba wajibu juu ya haki za mfanyakazi haumhusu mwajiri wake wa moja kwa moja peke yake, bali pia watu na vyombo vinavyojenga mazingira ya kazi. Nasi tumo.

Kwa hiyo twazidai parokia na vigango mambo matatu:

1. Kila jumuiya ndogo ndogo iteue watu wawili waaminifu, mwanamke na mwanamume, wakusanye habari za kazi kila mwezi kutoka kwa waajiri, ofisi za huduma za ajira, vyuo vya VETA, na hasa kwa wafanyakazi wenyewe.

2. Habari zihakikishwe kabla ya kutangazwa, zisomwe Jumapili na kubandikwa ukutani. Zipelekwe pia msikitini na katika ofisi ya mtaa, kwa maana njaa haiulizi dini.

3. Asiwepo wa kulipwa kwa kutoa habari. Kiongozi anayeficha tangazo mpaka mpwa wake apate nafasi, na aache uongozi.

Mambo haya hayahitaji fedha za wafadhili. Yahitaji daftari, kalamu, na moyo usioona haya kuuliza mbele ya watu: kazi gani, kwa nani, kwa ujira gani? Tuanze na jumuiya zetu wiki hii.