Majuto Mazito Si Toba

Bonasi ya wakulima wa chai kutoka KTDA hulipwa kwa kawaida mwezi wa Oktoba, na katika makanisa ya Kericho na Bomet kila mzee wa kanisa anajua kinachofuata. Mtu aliyeacha pombe akashuhudia mbele ya washirika wote anaonekana sokoni Litein akiyumba. Mwingine amemaliza karo ya watoto kwa kamari ya simu. Kufikia Novemba viti vyao ni vitupu, na watu wananong'ona: amerudi nyuma. Ukimtembelea mmoja wao atakwambia atakuja akishajirekebisha. Nasi tunatikisa kichwa kwa heshima, tukidhani huo ni unyenyekevu.

Sioni unyenyekevu hapo. Tumezoea kuamini kwamba aliyeanguka sharti akae mbali, ahuzunike mpaka huzuni yake itoshe, ndipo astahili kurudi. Lakini nani anaipima hiyo huzuni?

Kama toba ingepimwa kwa uzito wa majuto, Yuda angemshinda Petro. Mathayo 27 inaeleza kwamba Yuda alijuta, akakiri kosa lake waziwazi na kurudisha vipande vyote 30 vya fedha. Petro alilia, basi; hatusomi kwamba usiku ule alikiri mbele ya mtu yeyote. Tofauti yao ni walikoelekea. Yuda aliyapeleka majuto yake kwa makuhani, nao wakamjibu kwamba hayo ni shauri lake. Akaondoka peke yake, na mwisho wake tunaujua. Petro, pamoja na kumkana Bwana mara tatu, hakujitenga na wenzake. Jumapili alfajiri Maria Magdalene alijua pa kumpata. Siku kadhaa baadaye Petro alikuwa na wenzake ziwani Tiberia, na hapo ufukweni Yesu alimlisha kwanza mkate na samaki, ndipo akamuuliza maswali. Sisi tunaanza na maswali, na chakula mara nyingi hakifiki.

Kuna pia faraja ya mimbarini ambayo siipendi: "Bwana anakupogoa." Katika nchi ya chai maneno haya yanaingia masikioni upesi, kwa kuwa mchai hupogolewa kila baada ya miaka 3 au 4 na kila mtu ameuona ukichipua tena. Lakini anayepogoa ni mwenye shamba, tena kwa mpango. Hata Yohana 15 inasema tawi linalosafishwa ni lile linalozaa. Aliyekunywa karo ya mtoto hakupogolewa na mtu, alikosa. Kumwambia kwamba ile ilikuwa kazi ya Mungu ni kumnyima nafasi ya kusema, "Nimekosa."

Ndugu wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Kenya walilielewa jambo hili vizuri kuliko sisi. Walikutana mara kwa mara na kuungama kosa likiwa bado bichi, bila kungoja lipoe. Hilo waliliita kutembea nuruni. Walikuwa na kasoro zao, maana maungamo ya hadharani yakizidi huwa chakula cha umbea. Hata hivyo hawakumruhusu mtu aozee nyumbani akidai anajitayarisha.

Wazee watauliza: tukimpokea upesi hivyo, si tutairahisisha dhambi? Swali ni la haki, na nidhamu ya kanisa siipingi. Mweka hazina aliyekula pesa za chama azirudishe, na asikabidhiwe daftari tena mpaka aaminike. Lakini daftari ni cheo; ibada si cheo. Na wanaosema kurudi upesi ni njia rahisi sijui kama wamewahi kuijaribu. Kuketi kanisani kando ya mke anayejua pesa zilikokwenda, huku jirani mnayekutana naye kwenye kituo cha majani chai akikutazama, ni kugumu mno. Kubaki nyumbani ndiko rahisi.

Kwa hiyo, ndugu uliyeanguka Oktoba, njoo Jumapili hii ukiwa hivyo ulivyo, hata kama karo bado hujairudisha. Nawe mzee wa kanisa uliyeona kiti chake kitupu wiki ya kwanza, usingoje aje kwako. Nenda kwake, na ukifika, kaa unywe chai kabla hujauliza lolote.